Kofia ya Herode

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu tulipanga chumba Noonkopir, mtaa wa Kitengela, kwenye ploti ya mawe ambayo milango yake ilitazamana. Mume wangu alifanya kazi ya zamu katika kiwanda cha saruji, kwa hiyo mchana alilala na mimi nilitakiwa kunyamaza. Nilikuwa nimelelewa Ukambani, kwenye boma pana ambapo mtu aliongea na mwenzake akiwa ng'ambo ya bonde, na sasa hata kufunika sufuria kulinitia hofu. Nikawa nashinda kwa jirani wa mlango wa mkabala.

Jirani huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ametoka magharibi, upande wa Kakamega. Mumewe alifanya kazi Mombasa na kurudi mara chache. Mimi nilimwita Mwalimu, naye akaniita Mkamba, na tulisali kanisa moja. Alikuwa mnene, mcheshi, na alikuwa na tabia ya kukubali kazi kwa niaba ya watu wengine. Hivyo ndivyo nilivyojikuta mshonaji.

Tulikuwa kwenye mkutano wa kupanga mchezo wa Krismasi. Mwaka huo makanisa yetu yote yangekutana Kajiado mjini, na kila kanisa lilipewa sehemu yake ya kuigiza. Sisi tulipewa Mfalme Herode na mamajusi. Herode alijulikana tayari. Angekuwa mzee wa kanisa letu, kama mwaka uliotangulia, maana hakuna mwingine aliyekuwa na sauti ya kutikisa mabati. Shida ilikuwa taji. Mwaka uliotangulia lilikuwa la karatasi ya manila, likalowa jasho katikati ya hotuba na kumteremkia machoni, mfalme akatoa amri ya kuua watoto huku akipapasa kutafuta kiti.

"Safari hii nataka kofia," mzee alisema. "Kofia ya kitambaa. Kitu ya heshima, inakaa kichwani."

"Mkamba atashona," akasema Mwalimu. "Huyu ni fundi."

Nilikuwa najua kusuka kiondo. Sindano niliijua ya kutolea miiba. Lakini akina mama walikuwa wameshapiga makofi.

Ni lazima niseme kidogo kuhusu huyo mzee. Alikuwa karani mstaafu, mrefu, mwenye suti ya kijivu na kichwa ambacho, kwa heshima zote, kilikuwa kikubwa. Hakuna Jumapili aliyopewa nafasi ya kuongea bila kuitaja meza ya pool. Siku hizo baa zote za Kitengela zilikuwa zimeanza kuweka meza hizo, na kwake yeye kila balaa lilitoka hapo. Vijana wameacha shule, ni ile meza. Mvua imekosa, meza. Hata bei ya unga ilipopanda aliipata meza mle ndani. Alisema ile fimbo ya kuchezea ndiyo nyoka wa Edeni, amenyooshwa tu. Mkewe, mama mpole aliyevaa kitambaa cheupe kichwani, alikaa benchi la mbele na kuitikia amina. Katikati ya juma mzee hakuwepo Kitengela. Alikuwa akienda Kajiado kufuata mambo ya shamba lake, na mambo hayo hayakuisha mwaka nenda mwaka rudi.

Basi, kofia. Mwalimu alisema kitambaa kinachofaa ni felti, kile kizito kama blanketi jembamba, ambacho ukikikata hakifumuki na hakihitaji kukunjwa pindo. Alikuwa amewahi kushona nacho huko chuo cha ualimu, tena alikuwa na kakake, seremala wa Kajiado mjini, ambaye angeweza kutupatia bure. Kweli kikaja kifurushi, kimefungwa kwa kamba ya katani. Nilipokifungua nikakutana na kitambaa cha kijani, kijani ya majani ya viazi, kimechakaa katikati lakini kando bado kizuri. Nikakinusa. Kilinuka sigara na pombe iliyokauka, na vidole vyangu vikabaki na vumbi la buluu kama chaki.

"Mwalimu, hii ilikuwa ya nini?"

"Ya meza."

"Meza gani?"

"Si meza tu. Watu wameweka kitambaa mpya, hii wakatoa." Alikuwa akiangalia dari.

Nilirudi kukitazama. Pembeni kulikuwa na mkato wa mviringo, nusu duara iliyokatwa vizuri, mahali shimo lilipokuwa.

"Woi! Mwalimu! Unataka tumvalishe mzee meza ya pool?"

"Wewe ndiye umesema," akasema. "Mimi sijasema."

Nilipaswa kushtuka. Badala yake nilicheka mpaka mume wangu akagonga mlango kutoka ndani ya chumba chetu. Mwalimu alijifuta machozi kwa ncha ya leso na kusema kwamba watu wachafu kuliko hicho kitambaa wameoshwa wakatakata, wengine wako kwaya. Tukakiosha kwa Omo, tukakianika kwenye waya wa ploti, na wapangaji wote wakatuuliza tunashona pazia la nani.

Kupima kichwa kulikuwa na mambo yake. Jumapili baada ya ibada Mwalimu alimwendea mzee mbele ya watu, akamwambia, "Mzee, inama kidogo," akamzungushia kamba ya kiatu juu ya masikio. Kamba haikufika. Akaniita kwa sauti kubwa nilete nyingine tuunge. Mzee alibaki ameinama, uso mbele, kama mtu anayenyolewa, huku watoto wamejipanga wakitazama. Nyumbani tulizunguka na ile kamba tukitafuta sufuria ya kulingana nayo, ili tupate kitu cha kukalishia kofia. Tulijaribu za ploti nzima. Iliyolingana ilikuwa sufuria yangu niliyopewa harusini, ile ya ugali wa wageni.

Tulikata ruwaza kwenye gazeti, vipande vyenye umbo la jani, vipana chini, vikichongoka kuelekea juu, ili vikiunganishwa vikutane utosini kama maganda ya chungwa. Mkasi ulikuwa wa shule, wa kukatia karatasi za watoto, na felti ilitukatalia hadi kidole gumba changu kikafanya lengelenge. Tukaunganisha kwa uzi mweusi wa sufu, mshono ule wa ukingo wa blanketi. Mwalimu alishona upande huu na mimi ule, na kwa kuwa yeye alivuta uzi kwa nguvu na mimi nilivuta kwa woga, kofia ya kwanza ilitoka imepinda shingo na kuchongoka juu kama chuchu ya chupa ya mtoto. Mume wangu aliamka, akaiona kwenye meza, akauliza ni ya kuchujia nini.

Tukafumua. Safari ya pili tulipunguza ncha za majani kidogo, tukashona taratibu, na mwili wa kofia ukatoka mviringo mzuri kabisa. Kisha tukakata ukingo mpana wa kuzunguka, kutoka kile kitambaa kizuri cha kando. Tukapika uji mwepesi wa unga wa ngano, tukapaka kila kitu ili kikauke kikiwa kigumu. Mwili tulioukalisha kwenye sufuria iliyogeuzwa tuliuacha mlangoni kwa Mwalimu. Ukingo tuliutandaza kwenye mawe, juani, tukaingia ndani kunywa chai.

Ploti yetu haikuwa na ua. Mifugo ya Wamaasai ilipita hapo ikielekea malishoni kama inavyopita barabarani, na hatukuwa na tabia ya kutazama nje kila tuliposikia kengele. Tulipotoka, mbuzi mmoja mweupe alikuwa amesimama juu ya mawe akitafuna kwa utulivu, na kipande cha kijani kikining'inia mdomoni kama ulimi wa pili. Ule uji wa ngano ulikuwa umemgeuzia kitambaa kuwa kitoweo. Mwalimu alimrukia kwa ndala, nikamshika mimi pembe, tukavuta. Mbuzi akavuta. Tulichopata hakikutosha hata kufunga kidonda.

"Imebaki nini?" nikauliza.

Kilikuwa kimebaki kile kipande tulichokuwa tumekitupa pembeni kwa sababu ya kovu. Mahali fulani karibu na pembe ya meza mtu alikuwa amekichana kwa fimbo, mchano mrefu kama kidole, na mtu mwingine akaushona kwa uzi mwekundu, mishono mikubwa ya hasira, kama tandu. Tulikigeuza kila upande. Tukikata hivi, kovu linakuja sikioni lakini ukingo haufiki. Tukikata vile unafika, lakini tandu anakaa mbele kabisa, juu ya paji la uso la mfalme. Krismasi ilikuwa imekaribia. Tukakata vile.

Siku ya kujaribu, mzee alikuja mwenyewe pale kwenye ploti, suti na yote, akakaa kwenye stuli nje. Mwalimu alimletea kofia ikiwa bado juu ya sufuria, kama keki. Mzee alitabasamu. Aliisifu rangi. Akaishika kwa mikono miwili, akaizungusha polepole ili aone kila upande, mpaka mbele ikamfikia.

Tabasamu likaganda. Alipitisha kidole gumba juu ya ule uzi mwekundu, kwenda na kurudi, kwa upole, kama mtu anayepapasa kovu la mwili wake. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Hii kitu ilishonwa vibaya hata hapo mwanzo."

Mwalimu aliweka mikono kiunoni. "Mwanzo gani, mzee?"

Niliangalia chini, kwenye vidole vyangu vya miguu, nikavihesabu kimoyomoyo ili nisicheke.

"Namaanisha," mzee akasema, "inaonekana. Mtu akiangalia, inaonekana ilikuwa na mwanzo."

"Ni kweli. Kila kitu iko na mwanzo," akasema Mwalimu.

"Mlipata wapi hii kitambaa?"

"Kajiado."

"Kajiado ni kubwa."

"Si kubwa sana, mzee."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliuliza kama hatungeweza kulificha hilo kovu mahali pengine. Tukamweleza habari za mbuzi. Akauliza mbuzi alikuwa wa nani, kana kwamba kosa lote lingeweza kuhamishiwa kwa mwenye mbuzi. Mwisho akapendekeza kuwe na pambo hapo mbele, "maana huyu ni mfalme, jameni." Nikashona hapo duara la shanga, lile ambalo akina mama wa Kimaasai huuza sokoni, jekundu na jeupe, na tandu akafichika. Mzee akashukuru, akaondoka kwa haraka, na Jumapili iliyofuata alihubiri kuhusu subira. Meza haikutajwa hata kidogo. Mkewe alingoja, ule mdomo umeshajiandaa kwa amina, hakuna kitu.

Mwalimu na mimi hatukumwambia mtu. Si kwa wema. Siri kama hiyo ukiigawa inaisha utamu, na sisi tulitaka kuila wenyewe, kila tulipokutana kwenye waya wa nguo. Alikuwa akinipita na ndoo na kusema tu, "Ilikuwa na mwanzo," nami nikalazimika kuweka beseni chini.

Tukafika Kajiado kwa basi la kukodi, tumevaa vizuri, tukiimba. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Watu wa mji walikuja pia, wengine si wa kanisa lolote, walikuja kwa kuwa ni Krismasi na kuna kitu cha kutazama bure. Kwenye benchi la mbele alikaa Mmaasai mmoja mzee, shuka jekundu juu ya koti la sweta, rungu mapajani. Mkewe alikuwa mwimbaji wa kwaya ya hapo, na alikuwa amemtoa nyumbani kwa nguvu.

Mzee wetu aliingia na ile kofia na ukumbi mzima ukasema aaah. Sitasahau fahari niliyopata. Ilikaa vizuri kabisa, haikuyumba, ukingo umesimama kwa ule uji. Mamajusi wakaja wakauliza mfalme wa Wayahudi amezaliwa wapi. Herode akaanza kukasirika, kwanza pole pole, kisha kwa sauti ile yake, na kila alipokasirika alitikisa kichwa.

Nilikuwa nimelishona lile duara la shanga kwa uzi wa kawaida. Felti ni kitambaa kinene na uzi wa kawaida huchoka nacho. Alipofika kwenye "Nani amezaliwa bila ruhusa yangu?" pambo likachomoka, likabiringika jukwaani, likasimama mbele ya Mmaasai yule. Aliinama akaliokota. Akainua macho amrudishie mfalme, na akauona ule mshono wa tandu.

Aliutazama sana. Halafu akamtazama aliye chini yake. Uso ukafunguka kwa furaha ya mtu aliyemwona rafiki ugenini.

"Sopa!" akapaza sauti ya salamu kwa Kimaa, amesimama. "Rafiki! Kumbe ni wewe! Hii si ile meza yetu?"

Herode akakauka.

"Wewe mwenyewe uliitoboa na fimbo," Mmaasai akaendelea, bila ubaya wowote, "na leo umeivaa!"

Watu wetu wa Kitengela hawakuelewa, wakacheka kwa sababu wengine walicheka. Lakini kule nyuma, kwa wale wa mji waliosimama, kicheko kilikuwa cha aina nyingine. Kulikuwa na vijana pale waliolazimika kushikana. Mwalimu alinifinya mkono hadi ukafa ganzi.

Sijui mtu mwingine angefanya nini. Mzee wetu alijinyoosha hadi urefu wake wote, akanyoosha kidole, akanguruma, "Askari! Mtoeni huyu mbele ya mfalme!"

Askari walikuwa vijana wawili wa kwaya wenye mafimbo ya ufagio. Hawakukumbuka sehemu hiyo kwenye mazoezi, lakini waliogopa ile sauti, wakashuka na kumshika yule Mmaasai mikono. Naye akagoma kwa heshima. "Mimi nimeletwa na mke wangu hapa," akawa anasema, "ulizeni yeye," huku anacheka, wanamvuta, shuka linamtoka, na mkewe amesimama kwenye kwaya akisema kwa Kimaa maneno ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa. Ukumbi ukapiga makofi kama mvua ya mawe. Mhubiri mgeni alisema baadaye kwamba hajawahi kuona Herode mkatili namna hiyo, na kwamba kumweka mtu kati ya watazamaji kulikuwa ni ubunifu mkubwa. Akauliza nani alitunga. Mwalimu akainua mkono.

Tulikula wali na nyama uani. Mzee alikuwa ameivua kofia na kuishika nyuma ya mgongo. Mmaasai akamwendea moja kwa moja, akampa lile duara la shanga, wakasalimiana kama ndugu, kwa sababu wangefanyaje? Na hapo ndipo mkewe mzee, yule mama mpole wa kitambaa cheupe, akafika na sahani yake.

"Baba," akamwambia Mmaasai, "umesema ni meza gani?"

Mmaasai alimtazama rafiki yake, akaona jambo, na moyo wake mzuri ukamtuma kusaidia. "Mama, ni meza ya wazee tu. Tunakaa hapo, tunazungumza."

"Na ni mazungumzo ndiyo inatoboa kitambaa?"

Mzee alikuwa akichunguza mawingu. Mama akala kijiko cha wali, akautafuna, akaumeza. "Nataka kuiona," akasema.

"Mama, leo ni siku ya Bwana," mzee akasema.

"Hata katikati ya wiki ni siku ya Bwana. Twende."

Baa ilikuwa karibu, ng'ambo ya barabara, mlango nusu wazi, ndani hakuna mtu isipokuwa mwenye baa akifagia. Tulimfuata mama, Mwalimu na mimi, tukijifanya tunamsindikiza. Mmaasai alikuja pia. Meza ilikuwa hapo katikati, na kitambaa kipya, kijani mbichi, hakina doa. Mama aliizunguka yote. Akatia mkono kwenye shimo la pembe hadi kiwiko kuona kinachoenda huko. Mwenye baa alimsalimu mzee kwa jina lake, kisha akamwona mama, akarudi kufagia.

"Shika, nionyeshe," mama akamwambia mumewe.

"Mama wewe..."

"Miaka yote nimesema amina. Nionyeshe nilikuwa naitikia nini."

Basi akamwonyesha. Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kofia ya Herode, akainama na ile fimbo. Nami nakuambia, alikuwa mzuri. Kila tufe alilolipiga liliingia. Alijisahau kabisa, ulimi ukamtoka pembeni mwa mdomo kama mtoto anayeandika, na Mmaasai akawa anamshangilia kwa sauti ya chini. Mama alisimama amekunja mikono akimtazama kwa namna ambayo nadhani hakuwa amemtazama kwa muda mrefu.

"Lete," akasema.

Akashika fimbo kama mwiko wa ugali. Mumewe akamrekebisha vidole. Akapiga, na lile tufe jeupe likakimbia meza nzima bila kugusa kitu, likatumbukia shimoni.

"Nimeshinda?"

"Hiyo nyeupe haitakiwi kuingia, mama."

"Sasa kwa nini wameweka shimo?"

Nje basi lilikuwa likipiga honi kutuita. Hakuna aliyesogea. Mama alishaweka mkoba wake juu ya kiti, akaipandisha mikono ya blauzi yake ya kanisani, akamwambia mwenye baa alitoe lile tufe jeupe, na alete soda baridi za watu wote.